Bastola kushika kutu na kukwamisha maganda Kisumu: chanzo na usafi wake

Ndugu, kwa ulivyoeleza, bastola yako ya leseni ya 9 mm huibeba kiunoni kutwa, slaidi (kipande cha juu kinachoteleza mbele na nyuma) imeota madoa ya kutu upande unaogusa mwili, na ganda wakati mwingine linabanwa likiwa limesimama dirishani, yaani kwenye tundu la kutolea maganda.

Kabla ya yote, hakikisha haina risasi. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi mara mbili tatu, uifunge nyuma, uchungulie chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Usigeuze mpangilio huo. Ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, risasi moja inatoka na nyingine inaingia papo hapo, nawe unaamini chemba ni tupu. Kwenye bastola aina ya Glock hili ni la kufa na kupona, maana huwezi kuifungua vipande uisafishe mpaka ubonyeze kifyatulio. Risasi zote ziwe chumba kingine.

Kutu hiyo inatokana na jasho. Chumvi yake hukaa juu ya chuma, na unyevu wa ziwani unamalizia kazi. Kwa hiyo ifute kila jioni kwa kitambaa cha pamba chenye oili kidogo ya silaha, hata kama hujafyatua. Usiilaze ndani ya mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika maji na mabaki ya dawa za kulainishia. Ndani ya sefu weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu na kipimo cha unyevu. Ukiona kinapita asilimia 60, vikaushe vifuko au uvibadilishe. Madoa mepesi yaliyopo yasugue taratibu kwa pamba ya chuma namba 0000 iliyolowa oili. Siki usiiguse kabisa: inakula kutu, na inakula rangi ya chuma pia.

Sasa ganda. Mara nyingi chanzo ni masizi chini ya ndoano inayovuta ganda kutoka chemba. Ikichafuka haishiki sawasawa, ganda linachelewa na slaidi inalibana. Isafishe kwa mswaki mkuukuu na dawa ya kuyeyusha masizi. Mtutu usafishe kuanzia upande wa chemba: pitisha kitambaa chenye dawa, subiri kama dakika 10, kisha brashi ya shaba. Brashi itokeze yote upande wa pili ndipo uirudishe. Kuigeuza katikati kunavunja nywele zake. Malizia kwa vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke cheupe.

Oili ni tone moja kwenye kila reli inayopitia slaidi na utando mwembamba juu ya mtutu pale unaposuguana na slaidi. Basi. Njia ya pini inayogonga risasi ibaki kavu, vilevile ndani ya magazini, kwa sababu oili hukusanya uchafu na inaweza kupenya kwenye praima (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi), risasi ikagoma. Anayeishi upande wa Nakuru wenye vumbi apunguze zaidi. Huko oili nyingi inageuka tope la kusaga chuma.

Ikiwa ni safi na bado inakwama, jaribu risasi za pakiti nyingine, na umwombe mwenzako akuangalie kiganja unapofyatua. Kiganja kikilegea, bastola yote inarudi nyuma na slaidi haimalizi safari yake. Likiendelea, mpelekee fundi mwenye leseni akague springi.

Kuna jambo watu hawalizingatii. Risasi ileile ikiingizwa chembani kila asubuhi na kutolewa kila jioni, kichwa chake huzama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo linapanda kupita kiasi. Ilinganishe na mpya ya pakiti ileile kwa vernia, kifaa cha kupima urefu kwa usahihi; ikiwa fupi, itenge, usiifyatue. Wala usijaribu kuivuta irudi, na wazo la kujaza maganda nyumbani liache, kwani Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hairuhusu kutengeneza risasi bila idhini.

Masizi hayo yana risasi ile metali yenye sumu. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na meza ya chakula na watoto, na ukimaliza nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujashika chochote cha kula.