Muulize Fundi: Netwaki yalala saa ya daku

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zina neno moja tu, AI. AI imezima, AI imeiba, AI yanisikiza. Hata yule alodondosha simu majini pale Mokowe akingoja boti ameuliza kama ni AI. Huyo nshamjibu pembeni (usiiwashe, na hiyo ya kuizika kwenye mchele haisaidii kitu jamani, mchele upikeni). Nimechukua tatu, ya kwanza nimekaa nayo sana manake mwenyewe alikuja na ushahidi.

SWALI: Assalaam alaykum Fundi. Nina kiduka hapa Faza, nauza vocha na bando, wateja wangu wengi ni kina mama wanaopiga video kwa waume zao walioko Mombasa na Uarabuni. Ramadhani ilopita kila ikifika saa ya daku netwaki inakufa. Sio kufa ya kupotea, la, vijiti viko vyote vinne vimejaa lakini WhatsApp inabaki na kile kisaa tu, ujumbe hauondoki. Nilikuwa naandika nyuma ya daftari la madeni: saa tisa kasorobo mpaka saa kumi na moja, siku kumi na mbili mfululizo, saa zile zile. Kijana mmoja atengenezaye simu ameniambia kampuni wameweka AI inazima mabusta, ile minara ya simu, usiku. Mume wangu ni mvuvi, yeye asema ni maji, bamvua likija netwaki huharibika. Nani mkweli? – Mama Duka, Faza

JIBU: Wa alaykum salaam dadangu. Wote wawili wana neno, ila daftari lako la madeni ndilo lililokata kesi.

Tuanze na bwana, asije akaona tumemdharau. Kwenye mabusta ya visiwani utaona yale madude ya duara kama ngoma, yanaangalia bara au yanaangalia busta jingine. Hayo yanarushiana mawimbi juu ya bahari. Sasa mawimbi mengine yanakwenda moja kwa moja, mengine yanagonga maji yakaruka, na yakifika pamoja hayalingani basi yanauana yenyewe kwa yenyewe. Maji yakijaa pale pa kugonga panapanda, yakipwa panashuka, kwa hivyo njia ilokuwa nzuri saa ya maji kupwa yaweza kuwa mbovu saa ya maji kujaa, na bamvua ndio zaidi kwa sababu maji yanapanda na kushuka sana. Ndio maana pengine utaona ngoma mbili, moja juu moja chini, zote zaangalia upande mmoja: moja ikipigwa na mwangwi wa maji nyingine inapona. Kwa hivyo mumeo hakubuni.

Lakini maji hayafuati saa ya ukutani. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, hilo yeye analijua kuliko mimi. Ingekuwa ni maji, daftari lako lingeandika leo saa tisa, kesho saa tisa na dakika hamsini, keshokutwa saa kumi na dakika arobaini, na baada ya wiki shida ingekuwa imeshahamia asubuhi. Wewe umeandika siku kumi na mbili saa zile zile. Maji hayamo.

Tuje kwa kijana. Amekaribia, lakini busta halizimwi. Busta moja huwa na redio kadhaa, yaani mitambo ya kurusha na kupokea mawimbi. Kuna ya masafa ya chini, tuseme megahezi 800, hiyo inakwenda mbali na inapenya hata zile kuta zetu za matumbawe, na kuna za juu kama 1800 na kupanda, hazifiki mbali lakini zinabeba watu wengi kwa mpigo. Usiku watu wakilala zile za juu zinalazwa nazo, inabaki ya chini kulinda mji. Sababu ni umeme. Kwenye kampuni ya simu sehemu kubwa ya umeme inaliwa na mabusta, na kama ni busta la jenereta huku visiwani kila lita ya dizeli lazima ivuke maji kwanza.

Zamani kulaza kulikuwa kwa saa tu, fundi anaweka saa sita usiku mpaka saa kumi na moja, basi, mji mzima. Siku hizi ndio AI imeingia. Programu inasoma rekodi za kila busta, robo saa kwa robo saa, wiki nyingi nyuma, halafu yabahatisha: hili la Faza Jumanne saa tisa usiku litakuwa na watu wangapi? Ikiona hakuna mtu, yalaza. Na huku kubahatisha sio kwa juzi wala jana. Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, alikuwa akifanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, mwaka 1909 akatoa hesabu ya namna simu zinavyoingia kwa bahati bahati, na hesabu zake ndizo zilokuja kuwaonyesha mafundi waweke laini ngapi ili watu wasikwame. Mpaka leo wingi wa simu kwenye mtandao unapimwa kwa kipimo kinachoitwa erlang. Kilichobadilika ni kwamba sasa hesabu yajifunza yenyewe, na yajifunza kila busta na tabia zake. Kwenye viwango vya 5G, tangu vile vya 2018, kumewekwa kabisa kisehemu chaitwa NWDAF ambacho kazi yake ni kukusanya takwimu za mtandao na kuzichambua, kwa hivyo usidhani ni kitu cha kubandika kando, kimo ndani ya ramani.

Sasa ona ilivyokuwa kwako. Miezi kumi na mmoja mashine imejifunza kwamba Faza saa tisa usiku ni kimya, punda tu ndio waamkao. Ramadhani imeingia, mji mzima uko macho, huyu anapasha viazi vya nazi huyu anapiga video Dubai, na wote mmebanwa kwenye ile redio moja ya chini. Na vijiti vimejaa kwa sababu vijiti havipimi foleni, vinapima nguvu ya mawimbi peke yake. Ni kama duka lako, mlango wazi na taa yawaka, mtu akiwa mbali aona duka liko wazi, akifika akuta watu arubaini na muuzaji mmoja. Mashine nayo inajifunza lakini pole pole, baada ya wiki mbili tatu inaanza kushika adabu ya daku, mwezi umeandama, Idi, na yenyewe iko macho saa tisa usiku yangoja watu ambao wamelala fofofo.

Halafu mwaka wa pili mambo ni yale yale, manake kama imefundishwa kuangalia tarehe hii mwaka jana ilikuwaje, Ramadhani yenyewe imeshasogea siku kumi au kumi na moja. Na si Ramadhani peke yake. Maulidi hapa Lamu, Mfungo Sita ukiingia, mji unajaa wageni mpaka hapana pa kupita, pale msikiti wa Riyadha kila mtu yuko live, na tarehe za kizungu hazilingani mwaka hata mwaka. Dawa yake si ngumu hata kidogo, ni kuipa programu kalenda ya Hijria pamoja na ile nyingine, mambo ya siku moja kwa anayejua kazi. Lakini lazima kwenye chumba cha hao waandika programu awepo mtu ambaye mamake aliwahi kumuamsha kula daku, na hapo ndipo mimi naona kasoro iko. Sio kwa mashine. Mashine inafundishwa na palipo na rekodi nyingi, na busta la Faza likiwekwa kando ya la Nairobi ni tone.

Nikwambie na hili pia ili ukilalamika ulalamike kwa hoja. Mtambo ulowekwa vizuri ukiona foleni wafaa kuamsha ile redio ilolala kwa dakika chache tu, haijalishi ilibahatisha nini. Wako umelala kwa muda wa saa mbili na robo na watu wamejaa. Hapo kuna mtu ameweka kiwango cha kuamshia juu mno. Kwa hivyo ukipiga kastoma kea usiwaambie "netwaki mbaya", watakwambia uzime simu uwashe. Waambie: Faza, 4G, vijiti vimejaa data haiendi, saa tisa kasorobo mpaka kumi na moja, tarehe fulani mpaka fulani, nataka nambari ya lalamiko. Wasipokujibu, ichukue hiyo nambari uende nayo kwa Mamlaka ya Mawasiliano, wao hupokea malalamiko ya wateja lakini watauliza kwanza kama umeshawaambia wenye kampuni. Na kwa sasa daku ikibana jaribu kuiweka simu kwenye 3G, hiyo huwa na njia yake, video haitaenda lakini ujumbe wa maandishi utapita.

SWALI: Niaje Fundi. Mamangu alipigiwa simu na "mimi". Mimi niko kazini hotelini, simu iko kwa loka. Akaambiwa nimegonga mtu na bodaboda nataka elfu nane haraka nisipelekwe ndani. Anaapa ilikuwa sauti yangu, hata ile tabia yangu ya kukohoa kabla sijasema. Ashatuma. Huwa naweka video Tiktok nikiwaelezea watalii magofu ya Gede. Yawezekana waliniiba sauti huko? – Kijana wa Barani, Malindi

JIBU: Pole sana, na mpe mama pole, na tafadhali usimgombeze. Yawezekana. Programu za kuiga sauti siku hizi hazihitaji mengi, kipande kifupi kilicho safi kinatosha, na wewe umewaandalia video nzima nzima unazungumza peke yako bila kelele. Kikohozi na chote.

Watu wanasema mama mzima hajui sauti ya mwanawe? Nimtetee. Simu ya kawaida haileti sauti yote, inakata ikabakisha hezi 300 mpaka 3400. Ya juu ya hapo yatupwa. Ndio maana ukimsomea mtu jina kwa simu lazima useme S ya Salim, F ya Fatuma, manake herufi hizo mbili tofauti yake iko huko juu kulikokatwa. Sasa sauti ya kuigiza mara nyingi kasoro zake ziko huko huko juu, kwenye mivumo na pumzi. Simu ikikata, imemfutia mwizi alama zake. Ongeza na "netwaki huku mbaya mama sikusikii vizuri", kwisha.

Kampuni nazo zina AI ya kuwinda matapeli lakini kawaida haisikilizi mnachosema, inaangalia mwenendo: laini mpya ya juzi, yapiga watu mia wasiojuana, kila simu nusu dakika, kadi yahamishwa simu hii na hii. Huyo hunaswa. Alopiga mamako peke yake hanaswi, amefanana na mtu yeyote mwenye shida.

Kwa hivyo kazi inabaki nyumbani. Ikija simu kama ile mama akate, apige yeye nambari yako anayoijua, na usipopokea apige kwa mwenzako wa kazini. Au aulize jambo ambalo halimo Tiktok, arusi ya shangazi tulipikwa nini. Na akituma, asome jina la mwenye laini linalotokea kabla pesa haijaenda, hilo watu wanalipita mbio sana. Wewe piga *106# uone laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usoijua iripoti. Elfu nane ripoti kituo cha polisi upewe OB, ile nambari ya kitabu cha ripoti, kuna sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, na bila OB hata wenye laini hawatakushughulikia vizuri. Kurudi kwa pesa sikuahidi.

SWALI: Sisi Ngomeni tumezoea mambo ya angani, Wataliani walikuwa wakirusha roketi hapa. Sasa mjukuu ananambia kulikuwa na mabaluni ya intaneti juu ya Kenya yanayoendeshwa na AI. Ananidanganya? – Mzee, Ngomeni

JIBU: Shikamoo babu. Hakudanganya, ila amechelewa. Yaliitwa Loon, yalianza kazi Kenya Julai 2020, upande wa magharibi na kati, huku pwani hayakuletwa. Kila moja kubwa kama uwanja wa tenisi, liko kilomita 20 juu, na halina injini ya kulipeleka popote. Kulielekeza ni kwa kupanda na kushuka tu kutafuta upepo unaokwenda unakotaka, manake huko juu pepo ziko tabaka tabaka, hapa wavuma huku, ukipanda kidogo wavuma kule. Yaani kazi ya nahodha, lakini fikiria nahodha anaeweza kuchagua kusi au kaskazi siku moja. Programu ilifundishwa kwa kucheza mchezo wa kompyuta, ikikaa karibu na mahali pake yapewa alama, ikipeperushwa yanyimwa, mara nyingi nyingi mpaka ikajua, na matokeo yake yalichapishwa kwenye jarida la Nature Desemba 2020. Mwezi uliofuata, Januari 2021, kampuni ikafungwa. Gharama. Mabaluni yaliweza kuja kwa upepo kutoka Marekani mpaka Kenya lakini hesabu ya pesa haikufika.

Ile setilaiti yenu ya tarehe 12 Desemba 1970, ilopewa jina Uhuru kwa kuwa ilirushwa siku ya uhuru, haikuwa na AI ya aina yoyote na ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta miale ya X angani peke yake. Kama unayo picha ya siku ile, babu, hata imefifia, mwambie mjukuu aipige vizuri mchana nje kivulini, bila flashi, anitumie.