Mwanangu, kama kipaji hakifundishwi, wanakufundisha nini?

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wenzako walimjadili mhusika wako kwa dakika arobaini nawe umekaa papo hapo umefunga mdomo, kama inavyotaka kanuni ya warsha, lile darasa ambamo wenzako wanaijadili hadithi yako mbele yako. Mmoja akasema hadithi yako haina joto. Mwingine akasema wahusika wako wanazungukazunguka wanapoongea badala ya kusema wanachotaka. Ukatoka darasani ukaenda moja kwa moja kutafuta fomu ya kuhama, ili uache uandishi wa kubuni ubaki na fasihi peke yake. Halafu mwishoni, kama vile ni jambo la kupitia tu, ukauliza: "Mama, kama kipaji hakifundishwi, hawa wananifundisha nini?"

Naanza na swali hilo, maana la fomu linalitegemea.

Kipaji hakifundishwi, hapo sibishani nawe. Lakini seremala ana wanagenzi na hakuna anayeshangaa. Mpiga udi hukaa miaka na mwalimu wake. Hata malenga tunaowasifu kwamba walizaliwa na ushairi kinywani, walikaa karibu na waliowatangulia, wakasahihishwa vina na mizani, wakajibiwa beti kwa beti mbele za watu, na aliyeyumba akaambiwa ameyumba. Kuandika hadithi nako kuna ufundi wake. Nani asimulie, na ajue nini, na afichwe nini. Hadithi ianzie wapi (rasimu ya kwanza karibu kila mara huanza kurasa mbili kabla ya mahali pake). Mazungumzo yabebe nini na yaache nini. Muda ukazwe wapi, ulegezwe wapi. Hayo yanafundishika, na mwalimu mzuri atakuokolea miaka ya kuyatafuta gizani.

Ila mengi ya hayo yamo vitabuni. Usichoweza kukipata kitabuni ni watu kumi na mmoja waliosoma hadithi yako kwa makini na hawana sababu yoyote ya kukupenda. Mimi mama yako siwezi kuwa mmoja wao. Nikisoma sentensi yako naisikia sauti yako, najua ulipokohoa na uliponyamaza, na pale palipo na pengo nalijaza mwenyewe bila kujua kwamba nimelijaza.

Sijawahi kukusimulia hili. Nikiwa na umri wako, katika darasa kama lako, niliandika hadithi ya mwanamke anayemuuguza dada yake. Mwishoni dada anafariki. Niliona neno "alikufa" ni zito mno, la kitoto, nikaandika kwamba kulipokucha mlango ulikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Nililia nilipokuwa naandika. Siku ya zamu yangu wenzangu wakatumia nusu saa nzima kujadili kwa nini dada ametoroka. Mmoja alimsifu kwa ujasiri wa kuondoka. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mpole, akauliza ni nani aliyeona kwamba katika hadithi hii kuna mtu amekufa. Hakuna aliyeinua mkono. Nilikaa pale naungua, nikiamini kwamba darasa zima ni la wasomaji wavivu, na ilinichukua miezi kukubali kwamba machozi yangu yalikuwa yamebaki kwangu. Kwenye karatasi hayakufika.

Kama ningeruhusiwa kusema siku ile ningewaeleza. Wangeniitikia, "Aa, kumbe!", wangenionea huruma, na hadithi ingebaki vilevile na tundu lake. Ndiyo maana ya kanuni ile ya kunyamaza, mwanangu. Hadithi ikishachapishwa huwezi kukaa kando ya kila msomaji ukimnong'oneza ulichokusudia. Darasa linakuonjesha hali hiyo mapema, wakati bado una nafasi ya kurekebisha.

Lakini sitaitetea kanuni hiyo kwa macho yaliyofumbwa. Sasa wapo walimu wanaomwachia mwandishi aseme kwanza anataka kusaidiwa wapi, au aulize maswali katikati ya mjadala, nao wana sababu nzito. Kunyamaza kunamfaa yule ambaye wenzake wanaijua dunia anayoiandika. Asiyejulikana dunia yake anaweza kukaa kimya huku watu kumi na mmoja wanasahihisha kitu ambacho si kosa. Na hapo ndipo ninapomrudia yule aliyesema wahusika wako wanazungukazunguka. Nimeisoma sehemu ile uliyonitumia, ya kijana aliyekuja kuomba radhi kwa mjomba wake. Anaanza kwa kuuliza hali, anauliza watoto, anasifu kivuli cha mti, na radhi haitajwi hata mara moja, lakini anapoaga mjomba anamsindikiza. Msomaji aliyelelewa katika lugha yetu anajua kwamba hapo wamepatana. Mwenzako hakujua. Kwa hiyo usimtii, wala usimpuuze. Amekuonyesha kwamba yale matembezi ya kusindikizwa hayajabeba mzigo wote uliowatwisha. Ongeza hatua mbili tatu barabarani, mjomba abebe kitu cha kijana mkononi, uone kama hata mgeni atahisi. Usimfanye kijana aseme "nisamehe". Ukifanya hivyo utakuwa umemuua.

Yule wa "haina joto" hakukusaidia, na ni haki yako kuliweka neno lake pembeni. Hiyo ni hukumu, na hukumu haina mahali pa kushika. Siku nyingine mwulize kwa upole ni mstari gani alipoanza kuhisi baridi. Akikutajia ukurasa na mstari, mwamini, kwa sababu kilichompata akisoma anakijua yeye kuliko wewe. Akianza kukupa dawa, kwamba ongeza ugomvi, badilisha mwisho, mshukuru. Dawa utaitafuta mwenyewe.

Mwaka 1945 msichana kutoka jimbo la Georgia nchini Marekani aliingia ofisini kwa Paul Engle, mkurugenzi wa warsha ya waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa. Engle mwenyewe alisimulia baadaye kwamba lafudhi ya binti yule ilimshinda kabisa kuielewa, akamwomba aandike alichotaka kusema. Akaandika kwamba anaitwa Flannery O'Connor, kwamba yeye si mwandishi wa habari, na kwamba anaomba kujiunga na warsha. Darasani alikuwa mkimya. Alihitimu 1947, na lugha ile ya kwao iliyomshinda mkurugenzi ndiyo iliyozijaza hadithi zake hadi leo. Nakusimulia hili kwa sababu uliwahi kuniambia unaona haya kufungua mdomo mbele ya wenye lugha yao.

Sasa fomu ya kuhama. Unaizungumzia fasihi na uandishi kama vyumba viwili, kimoja cha wasomi na kimoja cha wenye vipaji, nawe umefukuzwa kimoja unakimbilia kingine. Ni milango miwili ya chumba kimoja. Iowa ilikubali mwaka 1922 kwamba kazi ya kubuni inaweza kuwasilishwa badala ya tasnifu ya kawaida, na warsha yenyewe ikaanzishwa 1936. Uingereza ilichelewa. Mwaka 1970 waandishi Malcolm Bradbury na Angus Wilson walipoanzisha shahada ya uzamili ya uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mwanafunzi wao wa kwanza alikuwa Ian McEwan, ambaye leo ni mwandishi mashuhuri wa riwaya, na sehemu kubwa ya aliyosoma ilikuwa fasihi kama wengine wote. Hadithi alizoandika zilihesabiwa kama sehemu ya kazi yake ya shahada. Miaka kumi hivi baadaye alipita hapo Kazuo Ishiguro, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2017. Hakuna ajuaye kama wangeandika vile bila darasa. Ninachokuonyesha ni kwamba tangu mwanzo kusoma na kuandika viliwekwa meza moja.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kozi ya riwaya ya karne ya kumi na tisa, usisome kama mtu anayelipa kodi ili aruhusiwe kuandika. Soma kama fundi aliyeingia nyumba ya fundi mwenzake, anayeinama kuangalia viungo vya meza. Chukua ukurasa mmoja uliokushika, uunakili kwa mkono, neno kwa neno, usiku mtu hakuoni. Utahisi kwenye kiganja mahali sentensi inapovuta pumzi. Kisha andika ukurasa wako kwa umbo lile lile na mambo mengine kabisa. Na ile insha ya tafakuri mnayotakiwa kuambatanisha na mkusanyiko wa kazi zenu, ambayo wengi wenu mnaiandika asubuhi ya kukabidhi, ipe heshima. Mtu anayeweza kueleza kwa nini alihamisha hadithi kutoka nafsi ya kwanza kwenda ya tatu ataweza kuihamisha tena siku atakapokwama bila mwalimu.

Muhula uliopita ulinidokeza kwamba siku hizi unaota kwa Kiingereza na hilo linakutisha. Sikukujibu, nilikuwa natafuta maneno. Oktoba 1968, jijini Nairobi, wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha pale ifutwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati na nyingine zizunguke. Na unajua Taban alikuwa ametoka wapi? Iowa, kwenye warsha ile ile, mwaka ule ule. Na Ngũgĩ alikuwa amechapisha baadhi ya hadithi zake za mwanzo kwenye Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza ya Makerere lililoanza 1958. Waliisema idara kwa sababu waliijua kutoka ndani, na walichouliza ni kitu gani kikae katikati. Jiulize swali hilo kila muhula. Soma Kiingereza ukishibe, lakini kila wiki andika hata nusu ukurasa kwa Kiswahili, usiokuwa wa kumwonyesha mtu. Mazungumzo ya wahusika wako yaandike kwanza kwa lugha wanayoongea kichwani mwako, ndipo uyavushe. Naamini kule kuzunguka kwao kutavuka pamoja nayo.

Habari ya kazi baada ya masomo tulishaizungumza kabla hujaomba nafasi. Shahada hii haiahidi riziki, na wanaoishi kwa riwaya pekee ni wachache. Sitairudia.

Jambo moja tu nakuomba kabla hujaijaza fomu. Umesema Alhamisi ni zamu ya mwenzako, yule yule wa "haina joto". Katika warsha niliyosoma nilijifunza machache sana siku hadithi yangu ilipokuwa mezani, maana moyo ulikuwa unajihami. Nilijifunza siku za wengine. Nilipolazimika kumweleza mtu kwa nini ukurasa wake wa nne umenipoteza, nilirudi nyumbani nikaona wangu umepotea kwa njia hiyo hiyo. Basi isome kazi yake mara mbili, mara ya kwanza bila kalamu. Usilipize. Mwandikie mahali uliposoma haraka na mahali uliporudia, na sababu, hata kama ni nusu ukurasa.

Hadithi yako iache wiki mbili usiiguse. Kisha nitumie yote, pamoja na maandishi ya wenzako pembeni, bila kuniambia inahusu nini. Nitajitahidi kuisoma kama mtu asiyekujua. Nitakuwekea alama mahali nilipochoka na mahali nilipoishiwa pumzi, na kama kuna aliyefariki humo, nitakuambia ni mstari gani niliojua.

Mama yako