Mafuta ya plastiki yanapoganda kwenye pipa: je, dawa ndiyo mbovu?

SWALI: Tuna kiwanda kidogo mjini Nakuru kinachopika plastiki chakavu, hasa karatasi za vitalu nyumba kutoka mashamba ya maua na mitungi iliyopasuka. Mafuta hutiririka vizuri yakiwa ya moto, lakini asubuhi tunayakuta yameganda kama samli na pampu haiyavuti. Tulinunua dawa ya kushusha kiwango cha kuganda, tukaimimina kwenye mapipa na kukoroga, lakini hatukuona tofauti yoyote. Je, tumeuziwa dawa bandia?

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, sioni ushahidi kwamba dawa hiyo ni bandia. Ilitiwa kwenye mafuta ambayo yalikuwa yamekwisha kuganda, na hapo hata dawa iliyo bora haina la kufanya. Hata hivyo, nisingependa urudi dukani kabla ya kulitazama tanuri lenyewe, kwa sababu huko ndiko inakotoka nta inayoyagandisha mafuta yako.

Karatasi za vitalu na mitungi mingi hutengenezwa kwa polietilini, ambayo ni minyororo mirefu ya kaboni iliyonyooka. Ikipikwa bila hewa kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, minyororo hiyo hukatika ovyo, na vipande vinavyopatikana huwa vya kila urefu, kuanzia vile vya petroli hadi vile vya nta ngumu. Kipande chenye kaboni 16 huyeyuka kwenye nyuzi 18 hivi, chenye kaboni 20 kwenye nyuzi 36 au 37, na chenye kaboni 30 kwenye nyuzi 65 hivi. Vipande virefu huyeyuka ndani ya vile vyepesi mafuta yakiwa ya moto, lakini usiku wa Nakuru unapoingia hujitenga na kuwa fuwele bapa zinazoshikana na kuyafungia mafuta yaliyobaki katikati yake. Ndiyo maana pipa zima huonekana limeganda ilhali sehemu kubwa ya kilichomo bado ni mafuta ya majimaji.

Dawa uliyonunua haiondoi nta hiyo. Nyingi za aina hii ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, kwa mfano zile zinazounganisha ethilini na vinili asetati: sehemu moja ya polima hufanana na nta na hujiunga na fuwele inapoanza kuumbwa, na sehemu nyingine huizuia isitanuke ili fuwele zibaki ndogo na zisishikane. Kazi hiyo hufanyika wakati mafuta yanapopoa tu. Kwa hiyo pasha mafuta hadi yawe maangavu kabisa, kwa kawaida nyuzi 60 hadi 70 au zaidi kidogo kama nta ni nzito, kisha tia dawa ikiwa nayo imepashwa moto, ukoroge vizuri na kuyaacha yapoe. Usiishie njiani katika kupasha, kwani fuwele zinazosalia bila kuyeyuka huvuruga matokeo, na mara nyingine mafuta huganda mapema kuliko yalivyokuwa yakiganda kabla ya kuguswa.

Jaribu kwanza kwenye chupa za kioo. Moja iache bila dawa; nyingine ziwekee nusu gramu, gramu moja na gramu mbili kwa kila kilo ya mafuta. Zipashe pamoja, kisha zipoze polepole huku ukisoma kipimajoto, na kila joto linaposhuka kwa nyuzi 3 uziinamishe kidogo utazame kama mafuta yanasogea. Chupa inayolazwa kwa sekunde tano bila mafuta kusogea imefika mwisho. Jumlisha nyuzi 3 kwenye joto hilo, nawe utakuwa na makadirio ya kiwango cha chini cha kumiminika, kwa utaratibu unaokaribiana na ule wa maabara. Ikiwa chupa zote nne zitakoma kwa joto lilelile, dawa hiyo haikubaliani na nta yako, kwa kuwa dawa iliyoundwa kwa ajili ya dizeli huenda isikamate minyororo mirefu ya plastiki. Hapo muulize muuzaji kama anayo iliyokusudiwa mafuta ghafi yenye nta nyingi.

Sasa turudi kwenye tanuri. Mvuke ukitoka moja kwa moja kuingia kwenye kondensa, yaani kipoza mvuke, hubeba nta pamoja nao. Weka juu ya tanuri mnara mfupi wenye vizuizi ndani, unaopoa kwa hewa, ili mvuke mzito uwe mafuta ya majimaji na kurudi chini kupikwa upya. Kipande chenye kaboni 20 huchemka karibu na nyuzi 343 na chenye kaboni 30 karibu na nyuzi 450, hivyo ukidhibiti joto la mvuke unaotoka kileleni lisizidi nyuzi 330 au 340, nta nyingi itabaki ndani hadi ikatike. Gharama yake ni upishi wa muda mrefu zaidi na gesi nyingi zaidi, ingawa gesi hiyo unaweza kuichoma chini ya tanuri lenyewe. Mimi ningelipia mnara kabla ya kulipia dawa ya mwaka mzima.

Kondensa nayo isiwe baridi mno mwanzoni. Maji baridi hugandisha nta kwenye kuta za mabomba, na bomba likiziba shinikizo hupanda ndani ya tanuri, jambo la hatari kubwa. Kondensa ya kwanza ikae kwenye nyuzi 80 hivi ili inase nta inayoweza kurudishwa kupikwa, na ya pili ndiyo iwe ya maji baridi. Chupa za maji ya kunywa usizichanganye humo, kwa kuwa plastiki yake hutoa asidi ngumu zinazoziba mabomba kwa namna ambayo dawa ya nta haitibu. Ukikuta mashapo yasiyoyeyuka hata ukipasha kupita nyuzi 70, huenda hayo si nta.

Mapipa uliyonayo sasa usiyapashe kwa moto wa wazi, kwani mafuta haya yana sehemu nyepesi zinazowaka kirahisi kama petroli. Tumia bomba la maji moto lililozungushwa nje ya pipa, kizibo kikiwa kimelegezwa na mahali pawe na hewa ya kutosha. Kwa mteja mwenye boila iliyo karibu, tangi lililofunikwa vizuri na bomba lenye joto huenda vikatosha bila dawa yoyote. Hata bomba la kilomita 1,443 la kutoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga limesanifiwa kupashwa moto na kubaki juu ya nyuzi 50, kwa sababu mafuta ya huko nayo yana nta nyingi. Kwa mteja wa mbali, changanya mafuta mazito na sehemu yako nyepesi, ukipima kila mchanganyiko kwa chupa zilezile. Dawa ije mwisho, kwa kipimo cha chini kabisa kilichoonyesha tofauti, na ipimwe upya kila aina ya plastiki unayopokea inapobadilika.