Skrubu ya diski ya breki ikikatika, angalia kilichobaki nyuma yake

Wenye Honda wengi hukutana na hili siku ya kubadilisha diski za mbele. Fundi anavua tairi, anatoa kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski), halafu anakwama kwenye skrubu mbili za nyota zinazoishika diski kwenye habu, yaani kitovu kinachofungiwa tairi. Zimeshikana kwa kutu. Vichwa vinalika, moja inakatika. "Hizo hazina kazi, bosi," anakwambia, na gari linafungwa.

Kuhusu kazi yake, fundi hakosei sana. Skrubu yenyewe ina unene wa milimita 6 tu na haibebi nguvu ya breki. Kinachoibana diski ni nati za tairi, zinazoikandamiza kati ya rimu na habu. Skrubu inaishikilia tu wakati tairi limevuliwa. Toyota nyingi hazina kabisa skrubu hiyo na breki zake zinashika vizuri.

Mimi naogopa mabaki. Gari letu la nyumbani lilitoka gereji baada ya skrubu kukatwa kwa tindo, na muda si mrefu usukani ukaanza kutetemeka kila nikikanyaga breki kwenye mwendo mkali. Fundi mwingine alipotoa diski, tulikuta ganda la kutu na kipande cha chuma vimebanwa nyuma yake. Kitu chembamba kama ukucha kinatosha: diski inakaa upande, inayumba ikizunguka, pedi zinaila sehemu moja zaidi ya nyingine, na unene wake ukishatofautiana mtetemo unaanza.

Kibaya zaidi ni kisiki cha skrubu kilichotokeza juu ya uso wa diski. Rimu haiwezi kukaa bapa. Nati utazikaza mpaka mkono uchoke, lakini zinakibana kisiki, na zikilegea barabarani tairi linaweza kuchomoka na watoto wamo ndani. Hapo usikubali kuambiwa "itakaa tu".

Basi simama karibu na fundi wako. Mwombe amwagie mafuta ya kulainisha kutu na ayape muda yapenye, kisha atumie ile bisibisi inayojizungusha ikigongwa nyundo, yenye ncha ya nyota namba 3. Bisibisi ya kawaida ndiyo inayokula vichwa. Kichwa kikishaharibika, apekeche kichwa peke yake kwa drili. Diski itatoka na kisiki kitabaki kimesimama kwenye habu, rahisi kukizungusha kwa koleo. Kikigoma, kisagwe kilingane na uso wa habu.

Kabla diski mpya haijaingia, uso wa habu upigwe brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Skrubu mpya ikazwe kidogo tu, kama niutoni mita 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Nati za tairi zikazwe kwa kuvuka, upande huu na upande wa pili, kwa kipimo cha gari lako. Honda nyingi ndogo ni niutoni mita 108. Kanyaga pedali ya breki mpaka iwe ngumu kabla ya kuondoka, na nati zikaguliwe tena baada ya kutembea kilomita 50 hadi 100.

Mwenye Volkswagen, wewe usikubali kabisa kuondoka bila skrubu hiyo. Gari lako linatumia bolti, halina stadi, yaani vyuma vya kufungia nati vilivyotokeza kwenye habu. Ukipata pancha usiku, diski isiyoshikwa itazunguka, matundu yatapishana, na kutu itadondoka nyuma yake huku ukihangaika kuingiza bolti ya kwanza.