Jibu: Anayekimbia ukame ni mkimbizi?

Ndugu, umeuliza kama anayevuka mpaka kwa sababu ya ukame au bahari kupanda huhesabiwa mkimbizi. Kisheria, kwa kawaida hapana. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951 humlinda anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, msimamo wa kisiasa au kundi lake la kijamii. Shamba lililokauka halimo. Linaniuma sana hilo, maana njaa nayo humfukuza mtu kwao.

Ila wengi hawavuki mpaka kabisa. Huhamia mjini kwanza, kwani safari ya mbali yataka pesa, na ukame umeshamaliza mifugo ambayo wangeiuza.

Watu wa Tuvalu, nchi ya visiwa vya Pasifiki inayotishiwa na bahari kupanda, wamepata njia yao: mkataba wao na Australia, ulioanza kutumika 2024, unaruhusu hadi watu 280 kuhamia huko kila mwaka.