Watarajali wangu, figo haziharibiwi na dawa ya CT peke yake

Wadogo zangu, karibuni Mwanza. Wiki hii nimelisikia tena lile swali: "Dokta, tumpeleke CT au tusubiri kreatinini?" Yaani kile kipimo cha damu cha hali ya figo, kwa kuogopa kontrasti, dawa inayodungwa ili picha ya CT ionekane vizuri. Majeruhi wa bodaboda, presha imepanda baada ya kuongezewa damu, tumbo linauma, ultrasaundi haijatoa jibu. Mnasubiri nini?

1. Aliyeumia vibaya hasubiri kreatinini. Chukua damu wakati unaweka kanula, itume maabara, naye aende CT. Bandama inayovuja huua leo. Mwaka 2020 vyama vya Marekani vya radiolojia na figo, ACR na NKF, vilitoa tamko la pamoja kwamba hatari ya kontrasti kwa figo ilikuwa imekuzwa mno. Kinga ya dripu inalenga hasa wenye eGFR (kasi ya figo kuchuja damu) chini ya 30, au wale ambao figo zao zimeshaumia ghafla.

2. Kinachoua figo za majeruhi mara nyingi ni kukosa damu. Rudisha damu, zuia inayovuja.

3. Linganisha kreatinini na ya jana, usitazame tu kiwango kilichochapwa na maabara. Hapa nitakaa kidogo, maana bado inaniuma.

Katika hospitali moja nilikopita alilazwa kijana aliyegongwa na lori, paja limepondeka, nyonga imevunjika. Alifika na kreatinini ya 62 (mikromoli kwa lita). Akafanyiwa CT yenye kontrasti, akarudi wodini. Kesho yake ikasoma 105. Kwenye karatasi hakukuwa na alama yoyote, kwa kuwa namba hiyo ilikuwa bado ndani ya kiwango cha kawaida cha maabara. Faili likawekewa alama ya vema. Raundi nzima ikapita, nami nikiwemo. Kwa vigezo vya KDIGO, mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, kupanda kwa 26.5 ndani ya saa 48, au kufika mara 1.5 ya kipimo cha mwanzo, tayari ni figo kuumia. Yeye alikuwa amevuka vyote viwili. Kwa kuwa alilia maumivu, akaendelea kuchomwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo. Kwa ajili ya kidonda akawekewa na jenta (gentamicin), antibiotiki ambayo nayo huweza kuumiza figo. Mfuko wa mkojo ulimwagwa kila zamu bila kuandikwa ni mililita ngapi, na ndugu aliyekaa naye ndiye aliyetuambia mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ilikuwa misuli iliyosagika, inamwaga mayoglobini, protini ya misuli, kwenye figo. Siku ya nne kreatinini ilikuwa imepita 400, potasiamu inapanda, tukaanza kuhangaikia dayalisisi, kusafishwa damu kwa mashine. Na pale kitandani, kila aliyeulizwa alijibu: "Ni ile dawa ya CT." Hakuna aliyetaja diklofenaki. Mama yake aliamini kipimo ndicho kilichomharibia mwanawe, na sisi tukamwacha aamini.

Kreatinini huchelewa, saa 24 hadi 48 nyuma ya figo. Mkojo hauchelewi. Ndiyo maana nawakaba kuhusu chati ya mkojo.

4. Mpira wa mkojo, na mililita ziandikwe kila saa. Mwenye kilo 70 akitoa chini ya 35 kwa saa, saa 6 mfululizo, niamshe. Sitakasirika. Aliyepondeka misuli tunamtakia 200 hadi 300 kwa saa.

5. Figo zikiumia, diklofenaki na jenta zisimamishwe. Paracetamol na mofini zipo. Metformin, ya kisukari, pia isimame.

6. Karatasi ya ruhusa. Yule kijana alipona figo baada ya wiki kadhaa za kusafishwa damu, akaruhusiwa, na kwenye karatasi yake paliandikwa mfupa tu. Mgonjwa akishavuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, daktari wa huko atajuaje? Andika waziwazi: figo ziliumia, kreatinini ya mwisho ilikuwa ngapi, ipimwe tena baada ya miezi 3, asipewe diklofenaki. Kisha mweleze mwenyewe na ndugu yake, kwa Kisukuma au Kikerewe ikibidi, maana hiyo sindano mguu ukimuuma ataiulizia duka la dawa la kwanza atakaloliona.