Spika kubwa ndani ya chumba cha boriti

Msimu wa maonyesho ya sauti, ambapo kila mwenye mashine za muziki huzipigia wageni chumbani mwake, ukikaribia, hunijia ujumbe wa aina moja. Mtu anavuka kutoka Dar na mashine zake za thamani, ameshapata chumba ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, na anataka kujua alete spika gani. Nami humuuliza: boriti za chumba hicho zina urefu gani?

Simfanyii mzaha. Dari za nyumba zetu za kale zimelala juu ya boriti za mikoko, na mti wa mkoko haukupi urefu uutakao wewe. Ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni virefu lakini upana wake ni mita 3 hivi, basi. Kuta nazo ni za mawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Huko Marekani maonyesho ya namna hii mara nyingi hufanywa kwenye vyumba vya hoteli, na pale ukuta wa jasi hutikisika na kuila besi kidogo. Ukuta wa mawe hautikisiki hata chembe. Besi ikishaingia inabaki humo humo, inagonga huku inarudi kule.

Fanya hesabu kabla hujafungua hata boksi moja. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti huenda kiasi cha mita 349 kwa sekunde. Igawe kwa mara mbili ya upana wa chumba, yaani 6, unapata hezi 58, maana yake mitetemo 58 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti ambayo chumba kitaivimbisha chenyewe, utake usitake. Uzi wa A wa lile besi kubwa la taarab uko hezi 55, kwa hiyo mpigaji akipita maeneo hayo noti moja inajaa chumba kizima na zinazofuata zinasikika kama zimepigwa nyumba ya pili. Sasa ikiwa dari nayo iko mita 3 juu, zile hezi 58 zinakuja mara ya pili. Urefu wa chumba ukiwa mita 6, zinakuja mara ya tatu. Chumba cha 3 kwa 3 kwa 6 kikimbie hata ukipewa bure. Tafuta ambacho vipimo vyake havigawanyiki kimoja kwa kingine, hata kama hakina mandhari ya bahari.

Ndiyo maana nawaambia watu wayaache nyumbani yale masanduku marefu kama kabati. Spika za kuweka juu ya stendi, wufa (ile koni ya besi) ya inchi 6 hivi, zinatosha na kubaki. Wenye spika kubwa hawapendi kusikia haya, na wengine huzileta vivyo hivyo, kisha jioni utawaona wanasaka soksi za kuzibia tundu la nyuma la spika. Soksi zinasaidia, sikatai. Habari ya wati pia isikusumbue: ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na ndani ya chumba kidogo spika inayotoa desibeli 87 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake, inatosheka na amplifaya ya wati 30.

Spika zitazame urefu wa chumba, usizipange kwenye ukuta mrefu. Ziachanishe mita 1.6 au 1.8, na kila moja ipate angalau nusu mita kutoka ukuta wa ubavuni. Kiti kikuu kisiwe katikati kabisa ya chumba, pale besi hupotea, wala kisigande ukuta wa nyuma, pale huvimba. Chumba cha mita 6 mimi huanza na mita 2.2 kutoka ukuta wa nyuma, halafu nasogeza kidogo kidogo huku mwenzangu amekaa anasikiliza. Ukibahatika ukuta wa nyuma uwe na mashubaka, yaache wazi, usiyajaze mapambo ya maonyesho. Yanaitawanya sauti vizuri kuliko vibao vinavyouzwa kwa bei ya pikipiki.

Pande mbili za kuta tumia kioo. Kaa kwenye kiti, mwenzako apitishe kioo ukutani, na pale utakapoiona spika ndipo sauti inapogonga na kukurudia. Hapo ndipo pa kuweka kitu cha kunyonya. Watu hutundika kanga. Kanga inapendeza, lakini kwa kazi hii ni bure: ili kitu cha nyuzinyuzi kiinyonye sauti vizuri, unene wake ukaribie robo ya wimbi lenyewe. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 35, kwa hiyo unahitaji karibu sentimita 9. Simamisha godoro la usufi, ndipo uifunike hiyo kanga juu yake ikupambie. Kwenye kona mbili za nyuma weka magodoro mawili mawili. Chini tandika zulia zito, mkeka hautoshi.

Umeme wetu unavuka bahari kwa waya kutoka bara, na waliokuwapo wanaikumbuka ile miezi ya giza iliyoanza Desemba 2009. Siku hizi hali ni nyingine kabisa, ila volti 230 za kwenye karatasi jioni hushuka. Lete stebilaiza, na mashine zako zote zichomekwe kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi unaofanya kazi, maana ukizitawanya soketi tofauti utapata ule mvumo wa hezi 50 usioisha. Friji na kiyoyozi viwe kwenye laini nyingine. Kiyoyozi kipoze chumba kabla wageni hawajaingia, kisha kizimwe, na pangaboi lizimwe pia. Mashine ikitoka kwenye baridi ya kiyoyozi kuingia joto la kaskazi hutoa jasho ndani, iache ikae wazi hadi ikauke ndipo uiwashe. Na Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, iangaliwe ina uniti za kutosha; haya madogo ndiyo yanayoaibisha.

Sasa masikio ya watu wa hapa. Unguja usidhani utawababaisha wageni kwa kishindo. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na mtu aliyelelewa karibu na ala kama kanuni na fidla anaijua sauti yake bila mashine. Niliwahi kukaa kwenye chumba cha jirani, mtambo wa fedha nyingi, akaingia mzee mmoja mpiga fidla. Alisikiliza ubeti mmoja, akamgeukia kijana mwenye mashine.

“Mwanangu, huyu bibi anaimba kasimama wapi? Namsikia kila pahala, simuoni.”

“Shikamoo, mzee. Labda ukae katikati zaidi.”

“Marahaba. Nimekaa katikati. Besi nalo limekwenda wapi?”

Tulipotazama nyuma ya spika ya kushoto, waya mwekundu ulikuwa umeingia kwenye tundu jeusi. Ukisikia dalili hizo mbili pamoja, mwimbaji kutawanyika na besi kukonda, kimbilia nyaya kwanza.

Tenga nafasi ya adhana kwenye ratiba yako. Shusha sauti mapema, amplifaya iache iwake, khasa ikiwa ni ya zile taa za kioo (valvu).

Kitu kimoja zaidi ambacho wageni hawakitarajii: kuna mtu atakuja na santuri ya bibi yake imefungwa gazetini. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na His Master's Voice, na sahani za zama zile bado zimo majumbani. Usimrudishe. Uwe na mashine yenye mizunguko 78 kwa dakika, na sindano ya pili yenye ncha ya maikroni 75 hivi, kwa sababu ile ya vinili ya maikroni 18 inakwenda kukwaruza chini ya mfereji. Unganisha spika zote mbili zipate sauti moja, mikwaruzo mingi itapungua. Sahani yenyewe ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, na ile spiriti unayosafishia vinili iweke mbali kabisa, kwa kuwa santuri hizo ni za sheleki na spiriti huiyeyusha.